Mafuta ya Ganda la Korosho na Vichocheo Vilivyofungwa

Ganda la korosho za Newala, Tandahimba na Masasi, mkoani Mtwara, lina mafuta mazito ya kahawia yanayobabua vidole vya wabanguaji. Sehemu yake kubwa ni asidi ya anakadi, ambayo ikipata joto kali hutoa gesi ya kabonidioksidi na kugeuka kadanoli. Molekuli ya kadanoli ina mkia wa kaboni 15, na mikia mingi ina bondi maradufu moja, mbili au tatu kati ya kaboni na kaboni. Kampaundi zenye bondi hizo huitwa alkeni.

Atomu ya oksijeni ikiingizwa kwenye bondi maradufu hupatikana epoksidi, pete ya pembetatu inayofunguka kirahisi na kuzaa gundi, rangi na plastiki ngumu. Oksijeni yaweza kutoka kwenye hidrojeni peroksidi, ambayo ikishaitoa hubaki maji. Ila peroksidi peke yake huenda polepole mno, ndiyo maana huhitajika kichocheo.

Kichocheo kinachofaa ni changamano la metali: atomu ya manganizi, vanadi au molibdeni iliyozungukwa na molekuli ziitwazo ligandi. Metali hupokea oksijeni, huikabidhi alkeni, kisha huanza upya. Mwaka 1990 Eric Jacobsen wa Marekani na Tsutomu Katsuki wa Japani, kila mmoja kivyake, walitangaza machangamano ya manganizi yanayoifanya kazi hiyo kwa uteuzi mkubwa.

Changamano likiyeyuka ndani ya mchanganyiko, kulitoa ni shida, na metali huweza kubaki kwenye bidhaa. Tena molekuli mbili zikikutana huweza kuungana na kupoteza nguvu. Dawa ni kulifunga kwenye kitu kigumu, ambacho huchujwa na kutumika tena.

Njia ni kadhaa. Kwenye silika, dutu iliyo kwenye mchanga, uso hupachikwa mnyororo mfupi wenye amini, ukaungwa na ligandi, ndipo metali ikaongezwa. Kwenye udongo wa mfinyanzi, changamano lenye chaji chanya hushikwa na chaji hasi ya tabaka zake. Kwenye zeolaiti, madini yenye vijumba vidogo ndani yake, changamano huundwa ndani ya vijumba hivyo likashindwa kutoka, kama samaki aliyekulia ndani ya dema.

Milango ya zeolaiti, hata hivyo, kwa kawaida haifiki nanomita 1, na mkia mrefu wa kadanoli hupenya kwa taabu. Silika yenye matundu ya nanomita 2 hadi 50 huupa nafasi. Hapo ganda la korosho huingia kwa mara ya pili. Molekuli za mafuta yake zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, hivyo hujikusanya vifungu vifungu. Silika hugandia pembeni, mafuta huoshwa kwa kiyeyushi, matundu yakabaki. Mwaka 2011 Egid Mubofu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walieleza silika ya namna hiyo iliyobeba kimeng'enya cha invatesi, kinachovunja sukari.

Kipimo cha kama changamano limefungwa vizuri ni kuchuja mchanganyiko ungali moto, kazi ikiwa katikati. Majimaji yaliyochujwa yakiendelea kutoa epoksidi, metali imevuja. Kadanoli ina ugumu wake pia: sehemu yake ya fenoli, yaani pete ya kaboni yenye kundi la OH, yenyewe huoksidika, kwa hiyo mara nyingi hufunikwa kwanza.

Korosho nyingi za Mtwara husafirishwa ghafi, hasa India na Vietnam, pamoja na maganda yake. Malighafi ya kazi hii hubaki nchini pale tu ubanguaji unapofanyika nchini.