Taa za Studio ya Picha: Namba za Kwenye Boksi na Jinsi ya Kuzipima

Mpiga picha anayefungua studio ndogo, iwe ya picha za pasipoti, za mahafali au za familia, kwa kawaida hununua kamera kwanza, na fedha inayosalia ndiyo hununulia taa. Kwa sababu hiyo taa huchaguliwa kwa haraka, kwa kuangalia mambo mawili tu: bei, na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Makala hii inaeleza kwa nini wati ni kigezo dhaifu, vigezo gani vinastahili kuchukua nafasi yake, na namna mnunuzi anavyoweza kuvipima mwenyewe bila kifaa cha gharama.

Wati ni kipimo cha umeme ambao taa hutumia. Si kipimo cha mwanga inaotoa. Balbu ya zamani ya uzi yenye wati 100 na balbu ya LED yenye wati 14 hivi hutoa mwanga unaokaribiana. Hapo ndipo penye mwanya wa kumpotosha mnunuzi. Baadhi ya maboksi huandika kwa herufi kubwa wati za balbu ya uzi ambayo taa hiyo inadaiwa kulingana nayo, huku wati halisi zikiandikwa kwa herufi ndogo chini ya boksi, au zisiandikwe kabisa. Seti inayotangazwa kuwa na wati 2000 inaweza kuwa na balbu ambazo kwa pamoja hazifiki hata wati 200.

Dai hilo hupimika nyumbani kwa mita ya LUKU. Zima vifaa vyote, pamoja na jokofu, kisha washa taa unayotaka kuipima peke yake. Mita nyingi zina kitaa kidogo kinachomwekamweka, na kando yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila uniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Hesabu sekunde kati ya mmweko mmoja na unaofuata. Kisha gawanya 3,600,000 kwa idadi iliyoandikwa kwenye mita, na jibu lake uligawanye kwa sekunde ulizohesabu. Unachopata ndizo wati halisi. Kwenye mita ya 1000, taa ya wati 100 huleta mmweko mmoja kila sekunde 36. Ukihesabu sekunde 90, taa yako inatumia wati 40 tu, hata kama boksi linasema vingine. Rudia hesabu mara tatu au nne ili uwe na hakika, na mwombe mtu arekodi video ya mita na taa kwa pamoja, kwa kuwa video hiyo inaweza kukusaidia baadaye.

Rangi ya ngozi

Taa hafifu kwa mwanga inaweza kusogezwa karibu na mteja. Taa inayoharibu rangi haina dawa rahisi, na kwa mpiga picha za watu hili ndilo jambo linalogusa kipato moja kwa moja. Uwezo wa taa kuonyesha rangi kwa uaminifu huandikwa kwenye boksi kwa herufi CRI au Ra, na kiwango cha juu kabisa ni 100. Kwa picha za watu, tafuta taa yenye 95 au zaidi. Taa za kawaida za nyumbani mara nyingi zina 80, na hiyo ndiyo inayofanya uso upigwe picha chini ya taa kali na bado uonekane kama umepakwa majivu.

Lakini hata namba hiyo ina kasoro yake. Ra ni wastani wa rangi nane zilizopoa, na nyekundu iliyokolea haimo miongoni mwa hizo nane. Nyekundu hupimwa peke yake na huandikwa R9. Ngozi ya binadamu, ya maji ya kunde au nyeusi, ina wekundu mwingi ndani yake. Taa yenye upungufu wa nyekundu huiondolea uhai na kuivuta kwenye kijivu au kijani. Mtengenezaji anayetaja R9 kwenye boksi anastahili kuaminiwa kidogo zaidi kuliko asiyeitaja, ingawa namba iliyochapishwa si uthibitisho.

Nenda dukani na kipande cha kitenge chenye nyekundu iliyokolea na karatasi nyeupe. Viweke pamoja na mkono wako chini ya taa unayotaka kuinunua, zima taa nyingine ikiwezekana, na upige picha kwa simu. Kisha toka nje ya duka, upige picha vitu hivyohivyo kivulini, pasipo jua la moja kwa moja. Linganisha. Ikiwa karatasi ni nyeupe katika picha zote mbili lakini mkono na kitenge vimefifia chini ya taa, tatizo ni taa. Muuzaji anayekataa kipimo hiki cha dakika tano amekwisha kukujibu.

Ukiwa hapo, irekodi taa kwa video ya mwendo wa polepole. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa yenye mfumo duni wa ndani hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde bila macho kutambua. Kwenye video utaona mipapaso, na kwenye picha utapata mistari ya giza pindi kasi ya shata inapozidi 1/100.

Ukubwa wa chanzo cha mwanga

Kinachofanya mwanga uwe laini usoni ni ukubwa wa chanzo chake ukilinganishwa na umbali wake kutoka kwa anayepigwa picha. Taa ndogo, hata ikiwa ya bei kubwa, huacha kivuli kikali chini ya pua na doa linalong'aa kwenye paji la uso. Doa hilo hujitokeza zaidi kwenye ngozi nyeusi. Taa hiyohiyo ikipitishwa kwenye kitambaa cheupe chenye upana wa mita moja, kilichowekwa mita moja kutoka kwa mteja, hutoa mng'ao mpana unaofuata umbo la uso. Ukirudisha nyuma chanzo hicho hadi mita mbili, mwanga hupungua hadi robo, na vivuli huanza kukaza tena.

Kwa hiyo fedha kidogo ielekezwe kwanza kwenye kulainisha mwanga. Mwavuli mweupe wa studio ni nafuu kuliko softiboksi na hufunguka haraka, ijapokuwa humwaga mwanga kila upande. Shuka jeupe lililotandazwa kwenye fremu ya mbao hufanya kazi ileile, mradi lisitumike karibu na taa za halojeni, ambazo joto lake huunguza kitambaa. Bamba jeupe la povu la kufungashia jokofu au runinga, likisimamishwa upande wa pili wa uso, hujaza kivuli vizuri. Na dirisha pana lisilopigwa na jua ni chanzo ambacho hakina bili. Kasoro yake ni kwamba hufunga kazi jioni. Studio inayoanza inaweza kufanya kazi miezi mingi kwa dirisha, bamba la povu na taa moja nzuri.

Taa ya duara inafaa kwa mafunzo ya urembo na video za simu. Kwa picha za pasipoti haipendekezwi, hasa kwa mteja mwenye miwani.

Flashi, vya mtumba, na usalama

Flashi ya kuweka juu ya kamera, ikitolewa hapo na kusimamishwa kwenye stendi pamoja na mwavuli, hutoa mwanga mwingi kwa bei ambayo LED haiifikii, na huwagandisha watoto wasiotulia. Ukinunua ya mtumba, jihadhari na zile za zamani: baadhi zina volti zaidi ya 200 kwenye kitako chake na zinaweza kuua kamera ya kidijiti. Kamwe usiifungue flashi, hata ikiwa imetolewa betri, kwa kuwa chaji inayobaki ndani inaweza kudhuru.

Taa nyingi huingia sokoni na plagi ya pini mbili za mviringo. Kuiingiza kwenye soketi zetu kwa kusukuma tundu la juu kwa kijiti au kalamu ni mazoea ya hatari, maana pini haishiki sawasawa na huzalisha moto, na tena taa haina waya wa ardhi. Taa yenye umbo la chuma lazima iwe na waya wa ardhi, isipokuwa ile yenye alama ya mraba ndani ya mraba, ambayo ina kinga mbili za ndani. Kumbuka kwamba mteja wako hukaa hatua chache kutoka kwenye stendi hiyo. Ning'iniza mfuko wa mchanga kwenye mguu wake.

Ikiwa bidhaa si kama ilivyoelezwa

Tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halimruhusu muuzaji kukupa kitu tofauti na alichokitaja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, na wati zilizochapishwa kwenye boksi ni maelezo. Kabla ya kulipa, mweleze muuzaji kazi utakayoifanyia taa hiyo, na uombe risiti ya EFD inayotaja aina na wati, si neno "taa" peke yake. Usitupe boksi. Tatizo likitokea, rudi kwa muuzaji kwanza ukiwa na risiti, boksi, picha za kitenge na video ya mita. Akikataa, malalamiko kuhusu maelezo ya kupotosha au bidhaa bandia yapelekwe Tume ya Ushindani, na yanayohusu ubora au usalama wa umeme yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania. Taa iliyopiga shoti isitumike tena na isipelekwe kwa fundi kabla ya kukaguliwa, kwa sababu ikishafunguliwa ni vigumu kuthibitisha kwamba kasoro ilitoka kiwandani.