Mgonjwa wa Mafua Arejee Lini Msikitini?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, msimu wa korosho unapoingia Nachingwea na Ruangwa, watu hukusanyika kwa wingi: katika minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, katika magari ya abiria, madrasani na katika safu za Ijumaa. Penye mkusanyiko, mafua na kikohozi hupata njia. Hapo huzuka maswali mawili: mgonjwa huumwa siku ngapi, na huambukiza siku ngapi? Wengi wetu huyadhania kuwa ni swali moja, na dhana hiyo ina madhara.

Mafua ya kawaida huanza siku moja hadi tatu baada ya mtu kuambukizwa, hukolea siku ya pili au ya tatu, na aghalabu huisha ndani ya siku saba hadi kumi. Mafua makali ya virusi vya influenza huambukiza tangu siku moja kabla ya dalili kutokea hadi siku tano au saba baadaye, na hatari kubwa imo katika siku tatu za mwanzo. UVIKO-19 nao huambukiza kuanzia siku moja au mbili kabla ya dalili hadi siku nane au kumi baadaye. Watoto wadogo na wenye kinga dhaifu huweza kuambukiza kwa muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo mgonjwa asiharakishe kurejea. Wataalamu hushauri abaki nyumbani mpaka itimie siku nzima bila homa, pasipo kutumia dawa ya kuituliza, na hali yake kwa jumla iwe inaendelea vizuri. Kisha, kwa siku tano zinazofuata, avae barakoa penye watu, afungue madirisha na ajitenge na wazee na watoto wachanga. Anayemeza dawa asubuhi ili homa ishuke apate kwenda Ijumaa hajapona. Ameificha homa tu.

Dini yetu haikumwekea mgonjwa uzito. Ana udhuru wa kuacha Ijumaa, akasali Adhuhuri nyumbani. Imepokewa kwa Bukhari kwamba mgonjwa huandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizitenda akiwa mzima. Tena Mtume (S.A.W.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa ngamia wazima, na alipopiga chafya alikuwa akifunika uso wake. Ikiwa ngamia walilindwa hivyo, je, jirani yako katika safu?

Lakini upo upande wa pili. Homa ikishaondoka, kikohozi kikavu huweza kubaki wiki tatu, hata nane, kwa kuwa njia ya hewa imejeruhiwa na bado inapona. Si haki kumsogelea mbali mzee wa namna hii au kumnyima mkono wa salamu kwa mwezi mzima. Hata hivyo, kikohozi kikifika wiki mbili, na hasa kikiandamana na kukonda, jasho la usiku au damu, mgonjwa apimwe kifua kikuu.

Wala si kila homa ni mafua. Mwezi Julai 2022, wilayani Ruangwa, watu waliugua homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Vipimo vilionyesha kuwa si Ebola, si Marburg wala si UVIKO-19. Tarehe 18 Julai Serikali ilitangaza kuwa ni homa ya mgunda, inayosababishwa na bakteria watokao kwenye mkojo wa wanyama. Wagonjwa walikuwa 20, na watatu walifariki. Ugonjwa huo hutibiwa kwa antibiotiki, ilhali dawa hizo haziponyi mafua ya virusi. Aliyekaa nyumbani akihesabu siku za mafua angeweza kuchelewa tiba.

Basi wazazi, mtoto akipumua kwa kasi, kifua chake kikibonyea ndani au akishindwa kunyonya, msihesabu siku. Mpelekeni kituo cha afya saa hiyo hiyo. Nanyi maimamu na walimu wa madrasa, watangazieni waumini kwamba mgonjwa kubaki nyumbani si uvivu wa ibada, bali ni kutekeleza amana ya nafsi za wenzake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.