Darasa Lililopanda Treni Hadi Mamboleo



Barua ya kuomba ruhusa ilipofika majumbani, maneno yalikuwa mengi. Mwalimu wa jiografia wa kidato cha pili alitaka kuwachukua wanafunzi wake, wavulana kwa wasichana, kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa treni katika likizo ya Aprili, na kukesha usiku mmoja njiani. Baadhi ya wazazi waliuliza kuna nini Kisumu kisichokuwemo kitabuni. Wengine, na hao ndio tuliowasikiliza zaidi, waliuliza juu ya mabinti: watakaa na nani, watalala wapi, nani atawachunga. Ni swali la haki, na mwalimu hakulipuuza. Aliongeza walimu wawili wa kike, akawakaribisha akina mama wenyewe waandamane. Wanne waliitika. Nasi tulikuwamo safarini.

Asubuhi ile pale Miritini mwalimu hakugawa vitabu. Kila kundi alilipa pakiti moja ya kachri za muhogo, imezibwa barabara, akakataza isifunguliwe mpaka aseme mwenyewe. Amri ngumu hiyo kwa vijana waliotoka nyumbani alfajiri.

Treni ya SGR ilipanda taratibu ikaiacha minazi, ikaingia nyika kavu ya Taru, kisha udongo mwekundu wa Tsavo. Hapo mwalimu alisimulia habari za reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, Waislamu wengi miongoni mwao, na takriban 2,500 walifariki huku. Simba wa Tsavo wa mwaka 1898 ndio wanaotajwa sana. Maradhi, ambayo hayasimuliwi, yaliua wengi zaidi.

Nairobi tulikusanya na kupunguza Adhuhuri na Alasiri, kama alivyoruhusiwa msafiri. Pakiti za kachri zilikuwa zimefura kama mipira. Mji ule uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni nyepesi, na hewa ya Mombasa iliyofungiwa ndani ya pakiti ilikuwa inasukuma ipate nafasi. Msichana mmoja alilieleza jambo hilo kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Treni ya Kisumu, ambayo safari zake za abiria zilirejeshwa Desemba 2021 baada ya kukatika kwa miaka mingi, huondoka Nairobi jioni. Kwa hiyo Bonde la Ufa hupitwa gizani, na twakiri kuwa ni hasara kubwa kwa darasa la jiografia. Mwalimu aliwataka walisome kwa masikio na kwa ngozi: masikio yanaziba lini, breki zinalia wapi, baridi inaanza wapi. Baada ya Nakuru njia hupanda Mau mpaka karibu mita 2,500. Kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Hesabu hiyo hakuna aliyehitaji kuandikiwa. Mama mmoja alikuwa amewafunika wasichana watatu kwa leso zake zote, naye mwenyewe akitetemeka.

Wasichana watano walizuiliwa nyumbani. Hatuwalaumu wazazi wao, kwani kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Ila kwa maoni yetu swali la kwanza lingekuwa "aende vipi?" kabla ya kufika kwenye "asiende", hasa palipo na mama aliye tayari kufuatana naye.

Kulipopambazuka tulikuwa Muhoroni, katikati ya miwa, na milima ya Nandi upande wa kulia. Kisha uwanda wa Kano, kisha Kisumu. Reli ilipofika hapa Desemba 1901 mahali paliitwa Port Florence, na palikuwa Uganda. Mwaka 1902 mpaka ulisogezwa, na wakaazi wakajikuta katika himaya nyingine pasina mtu kuhama nyumba yake.

Pakiti sasa zilikuwa zimenywea kidogo, lakini hazikurudi kama zilivyokuwa Mombasa. Wanafunzi walibishana, maana tumeteremka hadi majini! Ndipo wakaambiwa kuwa maji ya Ziwa Viktoria yako mita 1,134 juu ya bahari yetu. Kachri zikaruhusiwa.

Tulifikia Mamboleo, kwenye njia ya Kakamega, jina lililowachekesha watoto kwa Kiswahili chake. Alasiri radi zilianza kunguruma. Sisi tumezoea kusi na kaskazi, pepo za miezi. Huku ziwa hujitengenezea upepo wake kila mchana, ukakutana na milima, na mvua ikashuka.

Ilipokatika, mwalimu aliwataka waonyeshe kibla. Wote walielekea kaskazini moja kwa moja, kama wafanyavyo Mombasa, kwa kuwa Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo. Dira iliwageuza kulia kidogo, nyuzi 12 hivi. Kisha wakangoja Maghribi, na muda ukawa mrefu kuliko walivyozoea. Longitudo 5 kwenda magharibi ni dakika 20, nazo huongezeka kidogo mwezi wa Juni na kupungua Desemba.

Simu ya mama mmoja ililia. Nyanya wa bintiye, aliyekwisha kuswali Mombasa, aliuliza kama nao wameswali.

"Bado, nyanya," binti alijibu. "Huku jua lingali twaliona."