Marian, shule ya masista iliyogeuka Kilakala

Shule zinapofunguliwa, barabara inayoshuka kutoka Mgeta hubeba mizigo ya namna mbili. Kuna magunia ya kabichi, karoti na viazi vya Nyandira yanayokimbizwa sokoni Morogoro. Na pale Mlali, milima ya Uluguru inapokoma na tambarare kuanza, kuna mabinti waliokalia matranka yao wakisubiri gari, ndoo na kwanja vimefungwa pembeni kwa kamba.

Bibi zao, walipofika umri huo, hawakuonekana barabarani. Mluguru akishavunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, akafundwa na wanawake wa ukoo, na kukaa huko kungeweza kuchukua miaka. Cha ajabu ni kwamba ndiye mwenye ardhi. Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba hufuata huko huko.

Masista wa kwanza kufika pwani yetu hawakuwa na nia ya kutoa mawaziri. Mwaka 1860 Padri Armand Fava alishuka Zanzibar na masista sita wa shirika la Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion. Misheni ya Bagamoyo ilipofunguliwa mwaka 1868, wasichana waliokombolewa utumwani walifundishwa katekisimu, kushona, kupika na kulima, kisha wakaozwa vijana waliolelewa na mapadri upande wa pili. Ndoa hizo ndizo zilizojaza vijiji vya Kikristo bara, kikiwamo Mhonda cha mwaka 1877. Kwa maneno mengine, msichana alisomeshwa ili kijiji kipate mke. Siwabezi, ndiyo hesabu waliyokuwa wakiipiga wakati ule.

Hesabu ilibadilika mwaka 1937, Askofu Bernard Hilhorst alipoanzisha Masista wa Moyo Safi wa Maria, ambao watu wa Morogoro huwaita kwa kifupi masista wa Mgolole. Sasa binti wa hapa hapa aliweza kuwa sista, akawa mwalimu au muuguzi. Lakini kwa Waluguru sadaka hiyo ilikuwa nzito kuliko mapadri wa Kizungu walivyoweza kudhani. Ukoo unapopita kwa mwanamke, binti anayekwenda utawa haendi peke yake. Anaondoka na wajukuu ambao ukoo ungewapata.

Halafu wakaja Wamarekani. Shirika la Masista wa Maryknoll lilianzishwa New York mwaka 1912, nao waliingia Tanganyika mwaka 1948, wakianzia Mara. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuwa Kilakala, chini ya mlima mjini Morogoro, wakiendesha Marian College, sekondari ya wasichana, wakati ambapo wasichana wengi walikuwa hawavuki shule ya kati. Waliofika pale hawakuwa watoto wa Morogoro tu. Getrude Mongella alitoka Ukerewe. Kwa enzi hizo hiyo ni meli mpaka Mwanza, kisha treni ya Reli ya Kati kupitia Tabora na Dodoma. Mwaka 1995 ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Umoja wa Mataifa kule Beijing, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Marian haikudumu mikononi mwa masista. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliipa Serikali uwezo wa kutwaa shule za mashirika ya dini, na jina likageuka, ikawa Sekondari ya Kilakala. Oktoba 1970, shule hizo zikiwa ndio kwanza zimetwaliwa, Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila siku, alikwenda New York kuwahutubia masista wale wale wa Maryknoll nyumbani kwao. Hakwenda kuomba radhi. Aliwaambia kwamba Kanisa lisilopambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini litaonekana limo upande wa mifumo hiyo. Nadhani ni watawala wachache wanaoweza kuchukua shule ya mtu kisha wakakaribishwa kwake.

Wapo Wakatoliki ambao mpaka leo wanasema walinyang'anywa, na sishangai. Nguvu na fedha zilikuwa zao. Mwaka 1992 Serikali na makanisa zilitia saini makubaliano kuhusu huduma za jamii, na Kanisa likaendelea kufungua shule zake. Kule Bigwa, mwendo mfupi tu kutoka Kilakala, kuna sekondari ya wasichana wanaojiandaa kwa utawa.

Kilakala yenyewe imebaki ya Serikali, ikiwa miongoni mwa shule za vipaji maalumu, na kwangu mimi ni heri ilivyokuwa. Binti aliyekaa juu ya tranka pale Mlali, awe Mwislamu au Mkristo, huchaguliwa kwa alama zake za mtihani, haulizwi cheti cha ubatizo. Ila uamuzi mmoja wa wale masista Serikali haikuugusa: Kilakala bado ni shule ya wasichana watupu.