Tairi Lina Maandishi, Nani Anayasoma?

Yeyote aliyesafiri kwa barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga anaijua lugha ya matawi. Kabla ya kufika Gazi, au baada ya kuipita Msambweni kuelekea Ramisi, dereva huona tawi la mti limelazwa pembeni mwa lami, hatua chache mbele huona jingine, kisha la tatu. Sheria inataka pembetatu nyekundu. Watu wameongezea majani, na hakuna asiyeelewa kwamba mbele kuna gari lililokwama. Msomaji makini wa lugha hii huelewa zaidi ya hapo. Majani yakiwa mabichi, mkasa ni wa leo. Yakiwa yamenyauka, gari limelala hapo usiku mmoja au miwili. Yakiwa makavu kabisa, wenye gari wameshaweka mafiga na kuanza kupika.

Makala haya yanahusu majani makavu, yaani kule kungoja.

Mwaka jana nilikwenda Ukunda kukusanya msamiati wa mafundi wa magari, kazi ambayo nasikitika kwamba wanaisimu wetu wameipuuza huku tukigombania istilahi za ofisini. Fundi wa pancha ana lugha iliyokamilika. Hatii hewa katika gurudumu, hutia upepo. Tairi lililolika huwa kipara, na kipara hicho hakimletei mwenyewe heshima ya uzee. Jeki, spana, nati, rimu, tyubu na kiraka yote ni maneno yaliyokwisha kupata uraia, yana ngeli zake na viambishi vyake, na hayakungoja baraza lolote liyapitishe. Fundi pia hutenganisha kwa makini mambo mawili ambayo abiria huyachanganya: pancha ni tundu, na tundu huzibwa, lakini tairi likipasuka, hakuna cha kuziba.

Nikiwa katika shughuli hiyo liliburutwa mpaka kwenye gereji gari-nyumba moja, yaani lile gari kubwa lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, ambalo wageni husafiria bara zima. Wenyewe walikuwa mume na mke wastaafu kutoka Ujerumani. Walikuwa wameingia kutoka Tanga kwa mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, wakielekea Diani, na tairi la nyuma upande wa kulia likawapasukia baada ya Msambweni. Mume aliushika usukani kwa mikono miwili, hakukanyaga breki kwa ghafla, akaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe hadi likasimama; ndivyo inavyotakiwa. Tairi la akiba hawakuwa nalo. Magari-nyumba mengi ya Ulaya hutoka kiwandani bila tairi la akiba, ili kupunguza uzito. Badala yake huwekwa chupa ya dawa ya povu na pampu ndogo. Dawa hiyo huziba tundu la msumari. Kwa tairi lililochanika ubavu ni sawa na kumpa maiti kidonge.

Wazee hao walikaa Ukunda siku 11.

Katika siku hizo 5 za kwanza, kila asubuhi mume alimuuliza fundi tairi litapatikana lini, na kila asubuhi alijibiwa neno moja: kesho. Alikuwa na kamusi ndogo mfukoni. Aliniuliza kwa adabu kama neno hilo lina maana nyingine isiyoandikwa. Nami nikamwendea fundi faraghani.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu ni mgeni, na mkewe ni mtu mzima. Nimwambie kwamba tairi la kipimo chake halipo pwani nzima? Atalala vipi? Nikimwambia kesho, analala."

Hapa ndipo wengi huharakisha kutoa hukumu. Watasema kwamba Mwafrika hana habari na wakati ujao. Wenye kusoma watamtaja marehemu John Mbiti, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alijenga nadharia nzima juu ya maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, na kudai kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali takriban haupo. Nadharia hiyo imewalisha wanafunzi wengi. Lakini mwenye kusema hivyo na akumbuke kwamba Kiswahili kina kesho, kikaendelea na kesho kutwa, kikafika mtondo kwa siku ya tatu, kikaongeza mtondogoo kwa siku ya nne. Lugha nyingi za Ulaya hazina neno moja moja kwa siku hizo. Hulazimika kuhesabu kwa vidole. Ukosefu, basi, hauko katika lugha. Fundi alikuwa na ngazi nne za kuchagua, akasimama makusudi kwenye ya kwanza.

Alisimama hapo kwa sababu kesho yake haikuwa tarehe. Wanaisimu huyaita mambo haya matendo ya usemi: mtu hutamka neno lenye umbo la taarifa, kumbe anafanya jambo jingine kabisa. Kesho ya gereji humaanisha "sijakutupa". Mswahili au Mdigo aliyekulia hapo huisikia hivyo bila kufasiriwa, naye akishaambiwa kesho mara mbili huanza kutafuta njia yake kimyakimya. Mgeni huisikia kama ilivyo katika kamusi, akafunga mizigo kila jioni.

Hata hivyo sikukubaliana na fundi, na nilimwambia. Adabu iliyomfanya mgeni alale usingizi ndiyo iliyomla siku 5. Siku ya 6, alipoelezwa wazi kwamba kipimo chake hakipatikani karibu, alipiga simu Nairobi, na katika siku mbili tairi likaonekana. Likafuata swala la malipo, kisha ikaingia Jumapili, kisha likasafirishwa kwa basi la usiku hadi Mombasa, likavuka Likoni kwa feri likiwa limefungwa juu ya mkokoteni. Neno mtondogoo lingeokoa karibu nusu ya muda huo. Wanafunzi wangu wanaodhani kwamba semantiki ni somo la kupitia mtihani tu wangefaidika kukaa katika gereji hiyo wiki moja.

Kwa nini kipimo hicho kiwe adimu? Duka la Ukunda huweka kile kinachonunuliwa, na kinachonunuliwa ni tairi la matatu. Gari-nyumba la Ulaya hutaka aghalabu kipimo kama 225/75 R16 CP, ambapo herufi mbili za mwisho huonyesha kwamba tairi limeundwa kwa ajili ya magari ya aina hiyo yaliyo mazito wakati wote, hata yakiwa yameegeshwa. Ni nani Ukunda atakayefungia fedha zake katika tairi la mteja mmoja kwa mwaka? Tena siku hizi hatuna kiwanda cha kukimbilia. Firestone ilianzisha kiwanda chake Nairobi mwaka 1969, baadaye kikawa cha Sameer, kikitengeneza matairi ya Yana, na mwaka 2016 kikafungwa. Kile cha General Tyre huko Arusha kilikwisha kunyamaza kabla yake. Tairi liendalo Kwale leo limevuka bahari, na huenda limekaa katika maghala kadhaa kabla ya kufika dukani likiitwa jipya.

Neno hili "jipya" ndilo linalonirudisha kwenye maandishi. Tairi ni kitu chenye maandishi mengi kuliko vitu vingi tunavyovitumia kila siku, nasi hatuyasomi. Chukua lile la matatu, 195 R15 C 106/104. Tarakimu 195 ni upana kwa milimita. R ni namna nyuzi zake zilivyopangwa. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. C ni alama ya magari ya mizigo. Kisha 106 si kilo 106. Ni namba ya jedwali, na katika jedwali hilo 106 ni kilo 950 kwa gurudumu moja, na 104 ni kilo 900 kwa kila moja pale magurudumu mawili yanapofungwa pamoja. Magurudumu manne basi yanaruhusiwa kubeba kilo 3,800, gari lenyewe likiwemo, na hiyo ni kwa sharti kwamba upepo ni kamili. Mwalimu wa hesabu ana somo zima hapo, pasi na kununua kitabu.

Maandishi muhimu kuliko yote ndiyo yaliyojificha zaidi. Baada ya herufi DOT hufuata msimbo wa kiwanda, na mwisho wake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la wazee wale liliandikwa 3213: lilitoka kiwandani wiki ya 32 ya mwaka 2013. Lilikuwa na zaidi ya miaka 10 lilipopasuka. Mifereji yake ilikuwa na kina cha kutosha, na aliyewauzia gari aliwasifia kwamba halikutembea sana.

Sifa hiyo ndiyo iliyopaswa kuwatia hofu. Watu wengi wanaamini kwamba tairi huchoka kwa kutembea. Ni kweli, lakini pia huchoka kwa kukaa. Mpira hushambuliwa na oksijeni na ozoni ya hewani, na jua huuzidishia ugumu. Watengenezaji huchanganya ndani yake nta na dawa za kuukinga, nazo hujitokeza juu tairi linapojikunja na kujikunjua barabarani. Yaani tairi linalotembea hujipaka mafuta lenyewe. Lililoegeshwa miezi mingi halijipaki. Hupata nyufa nyembamba ubavuni, upepo hupungua kidogo kidogo bila mtu kuangalia, na siku ya safari linapakiwa uzito wote kwa mara moja. Tairi lenye upepo haba hujikunja kupita kiasi, hupata joto, na joto hilo hubandua tabaka la juu kutoka kwenye nyaya za chuma zilizo chini yake. Joto la lami ya Kwale mwezi wa Februari humalizia kazi iliyoanza miaka mingi nyuma.

Msomaji wangu mwalimu huenda anajiuliza gari-nyumba la Wajerumani linamhusu nini. Na afikirie gari gani jingine katika mtaa wake huegeshwa juani mwezi mzima wa Aprili, kisha Agosti, kisha Novemba na Desemba, halafu siku ya kwanza ya muhula hujazwa uzito wake wote. Ni basi la shule. Ugonjwa wa basi la shule na wa gari-nyumba ni mmoja: yote mawili hukaa sana, hubeba sana, na matairi yake huonekana mazuri kwa sababu hayakulika.

Uingereza ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwezi wa Septemba 2012 basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki katika kisiwa cha Wight lilipasukiwa na tairi la mbele karibu na Hindhead, likaacha njia na kugonga mti. Watu watatu wakafa. Tairi lile lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19, na mifereji yake haikuvunja sheria yoyote. Mama wa mmoja wa vijana hao, Frances Molloy, aliishughulikia serikali kwa miaka mingi, mpaka tarehe 1 Februari 2021 ilipoanza kutumika kanuni inayokataza tairi lenye miaka 10 au zaidi katika magurudumu ya mbele ya mabasi na malori, na katika magurudumu yote ya mabasi madogo yaliyofungwa moja moja. Miaka minane na zaidi kwa tarakimu nne ambazo mtoto wa darasa la nne anaweza kuzisoma. Kanuni hiyo hakuna haja ya kuingojea ifike kwetu, kwa kuwa kusoma hakuhitaji sheria. Wapo watakaosema kwamba shule za Kwale hazina fedha za matairi mapya. Nakubali kwamba hazina. Lakini shule inayojua kwamba tairi lake moja lina miaka 12 inaweza kuamua kwamba basi hilo halitavuka Ukunda mwaka huu, na uamuzi huo haugharimu senti.

Siku moja kabla ya wazee wale kuondoka, mwalimu mwenzangu alinialika katika shule yake upande wa Msambweni kuzungumza na kidato cha pili juu ya istilahi. Badala ya kuandika ubaoni niliwapeleka kwenye basi. Waligawana magurudumu, wengine wakalala chini kabisa, kwani tarakimu za tarehe huandikwa ubavu mmoja tu na mara nyingi ubavu huo hufungwa ukielekea ndani. Dereva, mzee wa makamo mwenye subira, aliwamulikia tochi. Magurudumu ya mbele yalisomeka 4419 na 4419. Ya nyuma manne yalitofautiana, la zamani zaidi likiwa 0714. La akiba, lililofungwa chini ya bodi na kufunikwa vumbi, walilisugua kwa maji na kitambaa kwa robo saa. Msichana mmoja akasoma kwa sauti: 2109. Akanyamaza, akahesabu, kisha akasema, "Mwalimu, tairi hili limenizidi umri."

Dereva alichukua chaki, akayaandika yote saba kwenye ukuta wa ghala, kila moja mahali pake kama yalivyo katika basi. Kamati ya shule ilikuwa ikutane Ijumaa.