Nyumba ya Lamu Isisimulie Harusi Peke Yake

Katika mji wa kale wa Lamu, ndani kabisa ya vichochoro ambamo mtu na punda hupishana kwa kubanana, iko nyumba ya mawe ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kufanywa makumbusho chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wanaoizuru huona vitanda, vyombo vya nyumbani na ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya mapambo, kisha hutoka wakisifu ustaarabu wa waungwana. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini nyumba ni ushahidi kabla ya kuwa pambo, na shahidi huulizwa maswali yote, hata yale ambayo mwenye nyumba asingependa kuyajibu. Nyumba hii inastahili kila shilingi ya kuitunza, mradi isomwe yote, kuanzia chumba cha ndani hadi jikoni.

Tuanze na lile inalolithibitisha waziwazi. Kwa muda mrefu waandishi wa enzi ya ukoloni walidai kwamba miji ya mawe ya pwani ilijengwa na wageni kutoka Arabuni na Uajemi, wenyeji wakitazama tu. Nyumba yenyewe inakataa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, chokaa ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayohayo, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haivuki vizuri nafasi inayozidi mita tatu hivi, vyumba ni virefu na vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na mkoko, si na ramani iliyoletwa kwa jahazi. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, ulionyesha majengo ya miti na udongo yakifuatwa, palepale, na majengo ya matumbawe. Mpangilio nao ni wa watu waliojua wanachokitaka. Daka lenye baraza za mawe humpokea mgeni wa kiume. Tekani hugeuza njia ya kuingilia ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, yaani uani. Kutoka kiwandani, vyumba viitwavyo msana wa tini na msana wa yuu hufuatana, kila kimoja kikiwa juu kidogo ya kilichotangulia, hadi chumba cha ndani, penye zidaka zilizopangwa kauri za kutoka China. Anayeona humo jela ya wanawake tu amesoma nusu. Waungwana wa Lamu walikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa: baba aliongeza ghorofa juu ya ile ya mama, au alijenga jirani na kuziunganisha mbili hizo kwa wikio linalovuka kichochoro. Aliyehamia ni mume. Mwanamke aliyefichwa machoni pa mtaa ndiye aliyekuwa na nyumba.

Sasa tupande juu. Katika nyumba nyingi za aina hii jiko huwa juu, karibu na paa, moshi usije ukaharibu chokaa nyeupe ya vyumbani. Mpango mzuri, ila maji yako kisimani, na kuni ziko chini mlangoni. Kila sufuria ya wali iligharimu safari za ngazi, na aliyezipanda hakuwa binti wa ukuta wa zidaka. Alikuwa mtumwa. Katika nyumba za ghorofa, chini palikuwa pa watumwa na bidhaa, juu pakawa pa familia. Matumbawe yalikatwa na mikono, chokaa ikapondwa na mikono, na nafaka iliyolipia kauri zile ikalimwa na watumwa katika mashamba ya bara. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, karne nzima na zaidi baada ya nyumba kama hii kujengwa. Haya yote hufichika kwa urahisi, kwani makumbusho ya nyumba yana udhaifu wake wa kawaida: vyombo vikishapangwa na sakafu kufagiwa, nyumba hubaki siku zote kana kwamba ni siku ya harusi.

Wako watakaosema kwamba kuyataja hayo ni kutonesha vidonda, maana wajukuu wa pande zote mbili bado ni majirani na wanasali msikiti mmoja. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, na ndiyo sababu jambo hili halitaki kelele wala majina ya koo. Lakini kunyamaza hakumsitiri mjukuu wa mtumwa. Kunamnyima tu fundi wake, yule aliyechoma chokaa na kuchonga ukuta unaopigwa picha na dunia nzima. Wengine watauliza kwa nini fedha zisiende zahanati, kwani makumbusho ni ya watalii. Hapa nakubali nusu. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo nyumba kadhaa za mawe, Lamu na hata kijiji jirani cha Shela, zimenunuliwa na wageni na kugeuzwa makao ya likizo. Ni nzuri, tena zimekarabatiwa kwa ustadi, lakini mtoto wa mvuvi haingii humo ila awe amebeba kitu. Nyumba ya makumbusho ni miongoni mwa milango michache ya aina hiyo aliyo na haki ya kupita. Kuifunga au kuiacha ioze kungemwachia mtalii nyumba zote zilizobaki.

Basi shule za Lamu ziwapeleke wanafunzi, na wanaowaongoza waanzie jikoni kabla ya kufika kwenye zidaka.