Mbwa Hamgandishi Ndege

Swali ni lile lile: kwa kuwinda ndege, mbwa bora ni yule anayesimama na kuashiria, kama Pointer na Setter, au yule anayekurupusha, kama Springer Spaniel na Labrador? Huulizwa kana kwamba jibu limo kwa mbwa. Limo kwa ndege, na kinachowazuia watu kuliona ni imani moja sugu: eti Pointer akikaza mwili, akainua mguu na kunyoosha mkia, humgandisha ndege kwa macho hata asiweze kutoroka.

Upuuzi. Mara nyingi mbwa hata hajamwona huyo ndege. Kilichomsimamisha ni harufu iliyoletwa na upepo. Kule kusimama ni kituo kifupi cha mnyama mwindaji kabla hajarukia windo, ambacho wafugaji wamekirefusha kwa kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi. Ndege naye hulala chini kwa hesabu zake mwenyewe: rangi yake ni ya majani makavu, na anayetulia haonekani upesi kama anayekimbia. Kware aina ya bobwhite, kwenye misonobari ya kusini mwa Georgia, Marekani, hujibana kundi zima mpaka ukaribie kuwakanyaga, ndipo waruke wote kwa kishindo. Huko Pointer ni mfalme. Hata akiwa mita mia mbili mbele, atakusubiri. Sasa mpeleke mbwa huyo huyo, na pua ile ile, kwenye matete ya South Dakota anakojificha fezanti, ndege wa Asia aliyeletwa Marekani miaka ya 1880. Atasimama vizuri kabisa. Ukifika, hakuna kitu. Fezanti ameshatoka kwa miguu na kurukia upande wa pili. Kama macho ya mbwa yanagandisha, mbona huyu hakuganda? Aliyewahi kumkimbiza kanga, naye hodari wa kutoroka kwa miguu, hahitaji kuelezwa. Wapo watakaosema German Shorthaired Pointer huashiria fezanti kila msimu. Kweli, lakini ni yule aliyejifunza kumfuata ndege taratibu, akisimama na kusogea, mpaka matete yaishe na ndege akose pa kupita. Hata hapo, aliyeamua kutulia ni ndege.

Basi, kwa haraka. Ndege anayetulia, mahali pa wazi: Pointer au Setter. Ndege anayekimbia, kichaka kizito: Springer au Labrador, mradi asizidi mita 25 kutoka kwako, kwani marisau ya bunduki yakipita mita 35 hivi hayategemeki, na mbwa anayekurupusha mbali anamwindia mwewe. Ndege wa aina zote na nafasi ya mbwa mmoja: mbwa wa aina ya Brittany au yule German Shorthaired Pointer, na ukubali fezanti kadhaa watakutoroka. Kumjaribu mtoto wa mbwa kwa bawa lililofungwa kwenye ufito wa kuvulia ni burudani tu. Hupima macho, pua haipimwi hivyo. Na yeyote utakayemchukua, mfundishe kutulia papo hapo ndege anaporuka, maana anayemrukia ndege aliye chini chini ndiye hupigwa marisau.